Usikaze, Juu Itabana

Baba Imani wangu, mtu wa Bukavu uliyependa theluji kuliko wenye theluji yao,

Nakuandikia nikiwa jikoni, hapa hapa Saint-Gilles, Brussels, na grisi imegoma kutoka kwenye kucha zangu. Juzi kazini bibi mmoja ninayemhudumia aliushika mkono wangu nilipokuwa namnywesha supu, akaugeuza, akaniuliza kama nimebadilisha kazi. Nikamwambia hapana, mume wangu kaniachia kiporo. Kiporo chenyewe unakijua: ile pikipiki yako ya theluji uliyoiacha kwenye stendi gerejini, tumbo wazi, reli za zamani zimeegemezwa ukutani na ile ya badala yake ikiwa bado ndani ya boksi.

Barua hii naiandika wazi, asome anayetaka. Nadhani wapo wengi walioolewa na Kiswahili cha mwenzao kama mimi, na huenda wakacheka, wakapata na somo.

Siku ulipoileta nilidhani ni mzaha. Mteja mmoja wa karakana ya pikipiki ulikokuwa unafanya kazi, kule Anderlecht, alikuwa amechoka nayo, akakwambia ukiitaka ichukue. Ukaitaka. Mtu wa Bukavu na pikipiki ya theluji, wapi na wapi? Ukaniambia itakaa gerejini siku mbili tu mpaka uipatie mahali. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wako alikaa miaka, na jembe nikapewa mimi, kufagia kumzunguka. Yule mama jirani yetu, Mreno wa ghorofa ya kwanza, akaipa jina la moto de Noël, pikipiki ya Krismasi, na kila Desemba akawa ananiuliza kama mzee wa ndevu nyeupe hajapita kuichukua.

Baadaye ikapata sababu ya kubaki, na sababu ilikuwa mimi. Nilizaliwa Machame. Utoto wangu wote niliamka nikaikuta theluji pale Kibo, imetulia, nami naenda zangu kukatia ng'ombe majani. Sikuwahi kuifikia. Kwetu theluji ilikuwa ya kutazamwa, kama zile sahani za kabatini zinazongoja wageni. Nilikusimulia hayo tukimenya ndizi, wala sikuwa nalalamika. Nikakwambia pia kwamba hii ya Brussels haihesabiki, ikianguka asubuhi mchana imeshakuwa tope. Ukaweka kisu chini, ukanitazama kana kwamba nimekwambia nilinyimwa chakula utotoni.

"Mama Imani, nitakufikisha kule inakaa," ukasema. "Na weye mwenyewe njo uta-conduire."

Nilicheka, eti mimi niiendeshe! Wewe hukucheka. Tangu siku ile nikajua tuna ahadi ndani ya nyumba.

Lakini sitaweza kueleza habari ya ahadi hiyo bila kueleza habari ya neno moja, maana mimi na wewe tulianza kwa neno hilo. Wakati ule ulikuwa unatengeneza baiskeli Jumapili pale sokoni Gare du Midi. Ukaniuzia moja, breki zake zikanisaliti kwenye mteremko wa kwanza. Jumapili iliyofuata nikaja kukusomea mbele ya wateja wako wote, nikakwambia yote niliyokuwa nayo na mengine nikayaazima. Wiki moja baadaye ibada yetu ya Kiswahili karibu na Chaussée d'Ixelles inatawanyika, nakuona umesimama mlangoni, shati limepigwa pasi, unanisogelea na kusema:

"Dada, nimekuya juu yako."

Sasa wewe fikiria. Kwetu mtu akikujia juu, amekuja kukugombeza. Nikajua ni ile baiskeli. Nikaanza kuvua hereni. Akina mama wa Kivu waliokuwa pale nyuma wakaangua kicheko, mmoja akanishika bega: "Maman, tulia. Anasema amekuya kwa ajili yako." Hereni moja ilikuwa tayari mkononi, na ndiyo hiyo uliyoniokotea ilipoanguka.

Ungedhani baada ya hapo ningejifunza kwamba juu yenu ni sababu na juu yetu ni kule kwenye dari. Wapi. Tumekwisha oana, siku moja umenipigia weee, sipokei. Narudi nyumbani, unaniuliza, "Uliacha téléphone ku nyumba juu ya nini?" Nami bila wasiwasi nakujibu, "Juu ya meza." Ulikaa chini kabisa kwenye ngazi za watu ukacheka mpaka Mreno akafungua mlango.

Halafu ikaja ile Jumamosi ya gerejini. Ulikuwa umeshusha reli zile mbili kuzisafisha, na Déo, rafiki yako tangu shule, alikuwa kwenye zamu ya tramu, kwa hiyo msaidizi nikawa mimi. Nilijifunza mengi siku hiyo. Kwamba chini ya kiti kuna mkanda mpana wa mpira wenye meno, na ndani ya mkanda reli mbili za chuma zimelala sambamba, na mkanda hutelezea juu yake. Kwamba reli hushikwa na mikono miwili, wa mbele na wa nyuma, na katikati ndipo ilipo shokamzoba ya kupunguza mtikiso, wewe ukiita amortisseur. Tulipokuwa tunarudisha, ukanipa spana, ukaingia chini upande wa nyuma, ukaniambia:

"Usikaze ya mbele, juu itabana."

Nikasikia maagizo mawili. Ya mbele nisikaze. Bolti ya juu ndiyo itakayobana. Basi nikaiacha ya mbele, nikaishika ya juu nikaikaza kwa nguvu zangu zote za Machame. Huko nyuma ukawa unasukuma, matundu hayakutani. Unavuta, hayakutani. Unainua kwa jeki, unashusha, unaongea Kifaransa kile ambacho mtoto hapaswi kusikia. Jua lilitoka dirishani likaenda zake. Mwisho ukaja mbele kuangalia, ukaishika ile bolti, haitingishiki.

"Nani alikaza huyu?"

"Si umesema ya juu ibane?"

Ukaiachia ile bolti. Kisha ukaufunika uso kwa mikono, mabega yanatikisika, nikadhani unalia. Ulikuwa unacheka. Ukanieleza taratibu kwamba bolti zote huachwa zimelegea mpaka ya mwisho iingie, ndipo zikazwe, maana ukikaza moja mapema chuma chote kinajibana na hakuna kitakachokaa mahali pake. Ulikuwa umenipa sababu, mimi nikaifanya kazi.

Tangu siku hiyo ukaanza kuniambia "kwa sababu". Uliitamka polepole na kwa uangalifu, kama mtu anayemvusha bibi barabara. Juu ukabaki nayo kwa Déo na kwa watu wa kwenu. Sikuwahi kukushukuru kwa hilo, na sasa naona lilikuwa jambo kubwa, mtu kukubadilishia neno lake la kila siku.

Unakumbuka tulivyokwenda mara ya kwanza milimani, upande wa Italia, kwenye uwanda wanaoruhusu mashine hizi? Imani alikuwa ameshaanza chuo, akabaki chini na Déo wanakunywa chokoleti. Wewe ulipanda na kushuka unapiga mayowe ya furaha. Zamu yangu ilipofika nikaenda vizuri mahali pa tambarare, ila mteremko ulipoanza kuinama, mashine ikaanza kuporomoka kiubavu. Ulikuwa umenifundisha niilaze upande wa mlimani ili ishike. Niliivuta, nikaning'inia, ikakaa vile vile kama kitanda cha miguu minne. Tukashuka wote wawili, mimi na kitanda, mpaka kwenye vichaka. Kiwiko kiliuma mwezi mzima. Nikakwambia nimekusamehe ahadi, imekwisha, tutaitazama kwenye kalenda.

Wewe ulikuwa umepiga magoti kwenye theluji, hunitazami mimi, unatazama chini ya mashine.

"Si weye," ukasema. "Ni hizi reli. Ziko deux, moya huku, moya huku, mashine inakatala kuinama. Inataka muntu muzito. Weye unataka reli moya, ya katikati. Itainama na weye comme vélo."

Kama baiskeli! Nani mwingine angefanya hivyo? Mke kasema basi, mume badala ya kumbembeleza mke anakwenda kumbadilishia mashine. Ukatafuta mpaka ukaipata reli ya katikati kutoka kwenye mashine nyingine iliyoharibika mbele. Ndipo nikajua kubadili reli si kuchomoa na kuchomeka. Mkanda nao ulibidi uwe mwingine, maana meno ya ndani ya ule wa zamani yalikatwa kwa reli mbili. Magurudumu yanayousukuma mkanda nayo yakabadilika. Matundu ya mikono hayakulingana, ukatoboa mapya kwenye bodi, ukapima kushoto, ukapima kulia, ukanipa mimi nipime tena, ukisema matundu yakipishana hata kidogo mkanda utakimbilia upande mmoja na kujila. Ukaweka vibati vya kuimarisha, ukavipiga ribiti. Ilikuwa imebaki kuiingiza reli tu.

Na hapo ndipo ulipougua.

Sitaisimulia hospitali yote, uliijua kuliko mimi. Nitasema alasiri moja tu. Nilikuwa nimekuletea sambaza, wale dagaa wa kwenu, kutoka kwa yule mama muuza samaki wa Chaussée d'Ixelles, ukala kidogo, jua limeingia mpaka kwenye shuka. Nilikuwa nakupaka mafuta miguu. Wewe unanieleza tena habari za reli, ipi iingie kwanza, mimi machozi yanatoka nayafuta kwa bega ili usione. Ukaona. Ukaniambia:

"Mama Imani, usilie. Juu niko muzuri."

Kisha ukasinzia, na maneno uliyoniambia baada ya hapo yalikuwa ya maji na mto tu. Nikayashika yale. Ulikuwa na miaka mingi huniambii juu kwa maana yenu, kwa hiyo nikaisikia kwa maana yangu. Nikajua umeonyeshwa. Nikajua umeona mahali pako huko juu, na pazuri. Kwenye matanga nikawaeleza watu kwa Kiswahili changu kwamba mume wangu alisema huko juu yuko vizuri, mchungaji akayahubiri, watu wakasema amina, na akina mama wa Kivu nao wakasema amina, wangejuaje? Maneno yale yalinilaza usingizi miezi kadhaa.

Mashine sikuitaka kuiona. Imani akampata mtu wa kuichukua kama vipuri, akanibembeleza, "Maman, inakuumiza bure." Alikuwa na haki. Lakini kila nikitaka kusema sawa, ulimi haukubali. Nilikuwa nakuona umepiga magoti pale kwenye theluji. Nikamwambia tungoje, theluji ikianguka mlimani nami sijaiunganisha, basi ichukuliwe na nisiulizwe tena. Sikujua kama naweza. Nilijua tu kwamba ikiondoka vipande vipande, ahadi yako nayo imeondoka vipande vipande.

Majani yalipoanza kuanguka nikamwita Déo. Akaja Jumamosi na kofia yake ile ile, akasimama mlangoni mwa gereji, akashindwa kuingia. Nikampa chai. Tukaingia pamoja. Tukatoa reli ndani ya boksi, tukaiingiza ndani ya mkanda, yeye anavuta mimi nasukuma. Bolti ya mbele ikaingia, nikashika spana, mkono wenyewe ukaanza kuzungusha. Déo akasema bila kunitazama:

"Mama Imani, usikaze, juu itabana."

Nikasimama hivyo hivyo, spana hewani.

"Shemeji," nikamwuliza, "umesema nini?"

"Usikaze bado. Juu itabana."

"Juu ipi?"

Akanitazama kwa huruma, akidhani majonzi yamenipanda kichwani. "Juu, Maman. Juu ni juu. Parce que. Kwa sababu."

"Na mtu akisema, usilie, juu niko muzuri?"

"Bon, anasema usilie, anajisikia muzuri. Nani alisema?"

Nikamwambia nani, na lini. Déo akaweka spana yake chini, akavua kofia, akakaa juu ya tairi.

Nitakwambia ukweli, Baba Imani, kwanza nilikasirika. Nilijiona nimenyang'anywa. Nilikuwa na neno lako kuhusu mbinguni, la mtu aliyechungulia, na sasa halipo. Limegeuka kuwa habari ya mgonjwa anayesema hajambo. Nikazunguka ile mashine nikifuta mahali palipokuwa pasafi. Nikawaza nitamwambia nini mchungaji.

Halafu nikaikumbuka ile alasiri yenyewe, si maneno, alasiri. Sambaza. Jua kwenye shuka. Miguu yako mikononi mwangu, na wewe unaongea reli. Ulikuwa huniambii habari za huko uendako. Ulikuwa unaniambia habari za pale pale, kwamba nisilie kwa sababu uko vizuri, na uko vizuri kwa kuwa tuko pale wawili. Na ulinyoosha mkono ukachukua neno la kwenu, lile uliloniwekea kando miaka yote. Ng'ombe akivunjika mguu hurudi zizini. Mtu akichoka hurudi kwenye Kiswahili cha mama yake, na hapo ndipo hasemi uongo. Nililia sana pale gerejini, kilio kizuri. Mbinguni nakuachia wewe na Mungu wako, sina wasiwasi napo. Ile alasiri ni yangu.

Tukaendelea na kazi. Hatukukaza kitu mpaka bolti ya mwisho ilipoingia, na ikaingia yenyewe, hata nyundo hatukuigusa. Matundu yako yalikutana kushoto na kulia. Déo akaiwasha ile mashine kwenye stendi, mkanda ukakimbia katikati bila kuyumba, akasema, "Ule muntu alikuwa anajua kupima." Nikamkumbusha kwamba na mimi nilipima.

Theluji ilipoanguka tukaenda: Déo kwenye usukani, Imani katikati na biskuti zake, mimi dirishani, mashine nyuma kwenye trela. Nilivaa koti lako, likanifika magotini. Pale chini ya mteremko ule ule nilitamani nirudi kwenye chokoleti. Nikaiwasha. Mteremko ulipoanza kuinama nikaegemea upande wa mlimani, kidogo tu, nikingoja ile hali ya kitanda. Haikuja. Iliinama na mimi, Baba Imani. Ilinifuata mabega, kama ile baiskeli yako, laiti ungekuwa umeitia breki. Nikakata mteremko, nikapita vile vichaka vyangu nikavicheka, nikapanda, nikapanda tena, mpaka pakawa hapana pa kupanda. Nikazima.

Palikuwa kimya. Theluji ilikuwa imelala pale inapokaa, hakuna aliyeikanyaga. Nikavua glavu nikaishika. Ni baridi tu, mume wangu, hakuna siri. Nikaishika mpaka vidole vikauma, nikakwambia asante, na machozi yakaja kwa sababu nilikuwa na furaha na wewe hukuwepo kuiona.

Simu ikalia mfukoni mwa koti lako. Imani, kule chini, alikuwa ananiona kama nukta.

"Maman, ça va? Mbona umesimama? Unalia?"

"Hapana, mwanangu. Juu niko muzuri."

Wewe ndiye uliyemlea mtoto huyu kwenye Viswahili viwili.

"Hiyo juu," akauliza, "ni ya kwako ou bien ya papa?"

Nikamwambia zote mbili.

Reli zako za zamani bado ziko ukutani gerejini, nazifagia kuzizunguka. Pumzika, baba. Na ukisikia huko uliko kwamba mkeo ameonekana analia mlimani, usijisumbue kwa ajili yangu, juu niko muzuri.

Mkeo uliyekuja juu yake,
Mama Imani